Kichwa Huku, Visu Kule

Benchi la mbele ya karakana ya Hidajet, hapo mjini Konjic, liko upande wa mtaa unaopata jua la asubuhi, ndiyo maana wazee hawabanduki mpaka jua lenyewe libanduke. Ni ubao mmoja mnene wa mti wa mjozi, umelainika kwa kukaliwa, na mbele yake kuna kimeza cha duara chenye birika la shaba, vikombe visivyo na masikio, na kisahani cha sukari ya vibonge ambayo kila mmoja anaapa kwamba hospitali wamemkataza. Wenye benchi ni wanne. Kuna Rifat, aliyeendesha treni mpaka akastaafu, anaitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzimia. Kuna Nusret, anaitwa Forodha, aliyesimama mpakani miaka mingi akipekua mabegi ya watu, na hadi leo hawezi kuona mfuko umefungwa akatulia. Kuna Šefik, anaitwa Daktari. Udaktari wake wote ni kuendesha gari la wagonjwa, lakini anatibu watu, ng'ombe na mashine bila ubaguzi. Na kuna Hidajet mwenyewe, Fundi, ambaye asubuhi hiyo ya Alhamisi alikuwa kajibanza kwenye ncha ya benchi lake, anatazama mwisho wa mtaa aone kama posta inatokea.

— Posta ya leo isahau, Fundi, — alisema Redio. — Wamebadilisha mtu. Kemo mguu umemshinda, wameleta dada mpya. Mpaka aje aujue mtaa huu, mjukuu wako atakuwa anaolewa.

— Atakuja, — alisema Hidajet.

— Mimi nasema tu.

— Wewe kila siku unasema tu, — Daktari alimkata. — Mwenzio ana mgonjwa ndani, wewe unaleta habari za harusi.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa beshika, kile kitanda cha kubembelezea mtoto. Amra, binti pekee wa Hidajet, alikuwa amejifungua Jumanne huko Mostar, na kesho, Ijumaa, angerudi nyumbani kwa mumewe na mtoto wake wa kwanza mkononi. Beshika ya mtoto wa kwanza inatoka kwao mama, hilo halina mjadala. Tena haikamilishwi kabla mtoto hajatoka, maana kitanda kitupu kikibembea ni nuksi, na hilo nalo halina mjadala. Kwa hiyo Hidajet alikuwa ameacha mbao mbili za ubavuni makusudi, akingoja simu. Simu ilipokuja alilia kidogo, akanawa uso, akawasha mashine ya ruta, ile ya kuchonga kingo za mbao. Hajafika hata nusu ya ubao wa kwanza, pap! Kisu kikagonga kipande cha chuma cha wakati wa vita, kilichokuwa kimelala zake ndani ya mjozi bila mtu kujua. Kisu kikameguka, skrubu yake ikakatika shingo, na kisu cha pili nacho kikapata pengo.

Sasa mtu wa pembeni atasema, si anunue biti nyingine? Ngoja kwanza. Biti ya Hidajet ni kichwa cha chuma kama kizibo kinene cha chupa, kina mipasuko miwili, na kila mpasuko unabeba kisu kidogo kilichobanwa na skrubu. Kisu kikiisha unabadilisha kisu, kichwa kinabaki. Na visu vya kichwa hiki haviuzwi popote. Marehemu mzee Salko, baba yake Hidajet, aliviagiza vichongwe kwa mchoro wake mwenyewe, ili ubavu wa kila beshika utoke na pindo lake: linapanda taratibu, linainama, halafu linajikunja kwa chini, pale ambapo vidole vya mama vinapumzika akibembeleza. Nusu ya Konjic imelala ndani ya pindo la Salko. Amra alilala humo, na beshika yake iliungua pamoja na nyumba, akabaki anaisimulia mpaka amekuwa mtu mzima.

Hidajet alikuwa amempigia simu muuza vipuri wa Sarajevo, akamweleza pindo kwa maneno mpaka mate yakamkauka. Yule akajibu, ninavyo, vinafanana, nakutumia. Mzigo huo ndio aliokuwa anaungoja.

— Na visifike pia msishangae, — alisema Forodha, akitumbukiza kibonge cha sukari kwenye kikombe na kukinyonya. — Vipuri hivi vinaingia nchini vizuri tu. Tatizo ni mezani, pale mpakani. Skrubu ndogo kama ile, ukifungua pakiti, inabingirika. Inabingirika mpaka ukingoni, inaanguka. Nani atainama?

— Wewe uliinama?

— Mimi nilikuwa na kiuno.

— Kwa hiyo skrubu zote za nchi hii ziko chini ya meza yako! — alisema Redio.

— Chini ya meza zetu. Sikuwa peke yangu kazini.

— Acha kamba, Forodha. Mpaka hauna kosa. Wanaotengeneza ndio wajanja. Kisu kikidumu na kichwa kikidumu, wao watakula wapi? Wanakutana wote hotelini, wanakula samaki wao, wanasema: jamani, mwaka huu skrubu tuipunguze unene wa unywele. Ya zamani haishiki, mpya haiingii. Fundi analia, wao wanaagiza samaki wengine.

— Na wewe ulikuwepo hotelini.

— Treni yangu ilipita jirani.

Daktari alitikisa kichwa polepole, vile wanavyofanya madaktari wa kweli kabla ya kukutajia bei.

— Nyie wawili mnapoza homa, ugonjwa hamuujui. Ile ncha ya kisu ni chuma kigumu, kweli si kweli? Kigumu kuliko chuma chochote. Sasa jiulizeni kinaenda wapi. Kinaenda kwenye meno! Ujerumani wazee hawafi, wanataka kutafuna. Mwenye kiwanda ana chuma kidogo, anakaa anafikiri: nimpe seremala wa Konjic, au nimpe bibi huyu apate kula nyama?

— Atampa bibi, — Redio alikubali.

— Basi ndiyo hivyo. Mimi mwenyewe hili jino la huku nyuma, ukiligonga na kijiko...

— Funga mdomo, watu tunakunywa kahawa.

Hidajet alicheka bila kupenda. Aliwapenda wazee wale, hata kama kichwa kilimuuma kwa maneno yao. Kisha jicho lake likafanya lilichokuwa likifanya tangu Jumanne: likavuka mtaa, likatua kwenye mlango wa kijani, likarudi haraka.

Kuna kitu kimoja ambacho benchi lile halikigusi. Taja serikali, taja ugonjwa wa mtu, taja hata mke wa mtu ukiwa na miguu ya kukimbia. Mlango wa kijani hutaji. Nyuma yake anaishi Mufid, mdogo wake Hidajet, tumbo moja, ziwa moja. Mzee Salko alipofariki, ndugu hao waligawana karakana kama watu wa kwao wanavyogawana: mkubwa anapanga marundo mawili, mdogo anachagua kwanza. Kwa hiyo mkubwa hathubutu kujipendelea. Hidajet alipanga kwa moyo safi kabisa. Randa huku, msumeno wa mkanda kule. Patasi nusu kwa nusu. Alipofika kwenye ile biti akaona vitu viwili, kichwa chenye jozi yake ya visu, na kisanduku cha visu vya akiba pamoja na skrubu zake. Akaweka kichwa huku na kisanduku kule, akaona ametenda haki.

Mufid alichagua rundo lenye msumeno wa mkanda, kwa vile baba alimfundishia pale. Kisanduku kikaangukia kwake. Na hapo Hidajet, benchi zima likimtazama, ulimi ukamponyoka. Alisema: «Sasa wewe visu bila kichwa utavifanyia nini? Utavilia mkate?» Benchi likaangua kicheko. Redio alicheka mpaka akashikilia ukuta. Mufid akawa mwekundu mpaka masikioni, akabana kisanduku kwapani, akavuka mtaa, na hajavuka tena. Huko kwake anatengeneza ngazi na mipini ya koleo, vitu visivyotaka pindo la mtu yeyote. Wakikutana msikitini wanapeana salamu kwa sababu ya Mungu, halafu kila mmoja anatafuta viatu vyake.

Hidajet naye kile kichwa alikuwa anakitumia kwa kubania, beshika tu, mpaka jozi ile ikamfikisha Jumanne hii. Tangu hapo alikuwa ameshafika ukingoni mwa barabara si mara moja, akakumbuka kitu alichosahau ndani, akarudi. Hasira haikuwepo tena, ilikwisha zamani. Ilikuwa aibu. Unaanzaje kumwomba mtu kitu ambacho ulimcheka kwa kuwa nacho?

— Huyo! — Redio alisema. — Baiskeli ya njano ile.

Mwanamke wa makamo, kofia ya posta imekaa upande, alikuwa anasukuma baiskeli kutoka kona ya daraja. Wote wanne walinyoosha shingo. Akapita benchi bila kulitazama, akaegesha baiskeli ng'ambo, akagonga mlango wa kijani, ukafunguliwa, akaingia.

— Kaanzia kwa... — Forodha alisema, akajishika, akakohoa. — Kahawa imenipalia.

— Pole, — Daktari alimpiga mgongoni.

Walingoja. Dada wa posta alikawia, akatoka anajifuta mikono kwa leso, akavuka mtaa.

— Asalaam aleikum, wazee wangu.

— Waleikum salaam, binti. Umepotea?

— Sijapotea hata kidogo. Mimi Aldijana, natoka Jablanica, nimechukua njia ya Kemo. Mzee Hidajet ni yupi?

Kabla Hidajet hajainuka, Forodha alikuwa ameshaudaka mzigo, anautikisa sikioni.

— Nyepesi. Vyuma vidogo. Hakuna kioevu.

— Nipe mzigo wangu, Nusret.

— Nakufungulia tu.

Akaufungua, mkono haukuisahau kazi yake ya zamani. Ndani ya karatasi na karatasi nyingine kulikuwa na visu viwili na kifuko cha skrubu. Hidajet alitoa kile kichwa cha biti kwenye mfuko wa aproni, alikuwa anatembea nacho tangu Jumanne. Akakiweka gotini. Hakuhitaji hata miwani. Visu vilikuwa vimenyooka kama rula, havina pindo wala dalili ya pindo. Akajaribu skrubu, labda hiyo angalau. Ikazunguka mara moja, ikagoma.

— Alisema vinafanana, — alisema.

Mikono yake mikubwa ilikaa tu pale juu ya goti, na kile kichwa cha chuma katikati. Wazee walitazamana. Hawa ni watu ambao hawajui kumbembeleza mwenzao isipokuwa kwa kumdanganya, basi wakaanza kumdanganya kwa bidii.

— Sasa nimeelewa, — alisema Redio. — Si hoteli tena. Ziko angani! Kila satelaiti inayorushwa ina skrubu ndogo ngapi? Zote zimekwenda juu. Usiku ukiona nyota inatembea, ujue ni skrubu yako hiyo, Fundi.

— Nyota gani, — alisema Forodha. — Nilikuwa na mkubwa mmoja kazini, shemeji yake alikuwa na bwawa la samaki. Anazichukua anazifunga kwenye nyavu ziwe uzito. Ukimkaanga samaki wa yule bwana, chini ya kikaango utasikia kri, kri.

— Ulimkaanga?

— Niliogopa meno.

— Meno! — Daktari aliruka. — Si ndicho nilichosema? Yote yanarudi kwenye meno. Hidajet, nenda Ujerumani, tafuta bibi aliyefariki karibuni, zungumza na familia kwa heshima...

— Šefik, — alisema Hidajet.

— Basi, nimenyamaza.

— Kwa nini usichonge kwa mkono? — aliuliza Redio, sauti imeshuka. — Sisi watu wa Konjic tangu lini tunashindwa na ubao?

Hidajet aliunyanyua mkono wake wa kulia, akaukunja. Vidole viwili vilibaki nyuma, kama ilivyo desturi yao siku hizi.

— Mkono huu pindo lile hauliwezi tena. Ningeanza mwezi uliopita, labda. Na mwezi uliopita ni mwiko.

— Basi peleka bila pindo, — alisema Forodha. — Ukingo wa mviringo tu, safi, msasa mzuri. Mtoto wa siku tatu anajua nini?

— Mtoto hajui. Amra anajua. — Hidajet alikigeuza kile kichwa cha biti. — Usiku atanyoosha mkono abembeleze mwanawe, kidole kitakwenda chini kutafuta pale pa babu yake, hakitapakuta. Hatasema kitu, namjua. Ataninyamazia tu.

Maneno yale yaliwakata wote. Redio alichukua birika, akammiminia dada wa posta kikombe bila kumuuliza kama anakunywa, akamsogezea sukari. Daktari akajivuta, nafasi ikapatikana, Aldijana akakaa kwenye benchi. Alikuwa mtu wa kutazama. Alitazama kichwa cha biti, akatazama visu vilivyonyooka, akatazama kile kisu cha zamani chenye jeraha ambacho Hidajet alikuwa amekiweka mezani.

— Samahani wazee wangu, — alisema. — Mimi mgeni, pengine nauliza ujinga.

— Uliza binti, — alisema Redio. — Hapa kila kitu kinajibika.

— Yule bwana wa ng'ambo, wa mlango wa kijani.

Forodha aliukagua ukucha wake. Daktari aligundua kwamba mbingu ina mawingu. Hakuna aliyewahi kumwambia dada huyu sheria ya benchi, angeijuaje?

— Nimempelekea dawa zake, akaniambia karibu, ngoja nifute mikono, — Aldijana aliendelea. — Ametandika kitambaa mezani, amevipanga juu yake visu kama hiki cha mzee hapa. Hiki hiki, chenye mkunjo. Vipya, vinang'aa. Anafuta kimoja, anapaka mafuta, anakifunga kwenye karatasi, anachukua kingine. Na skrubu zake ziko kwenye kisosi. Mpaka na mimi mafuta yamenishika mkononi. Nikasema, huyu ana mashine ya maana. Natazama karakana, naona ngazi, naona mipini ya koleo. Kichwa kama hicho hana.

Akanywa kahawa kidogo.

— Sasa yule bwana, visu bila kichwa, anavifanyia nini?

Redio alifungua mdomo. Mtu ambaye alikuwa na jibu la satelaiti, jibu la hoteli, jibu la vita vilivyokwisha na vijavyo, alifungua mdomo, akaufunga. Forodha alimtazama Daktari, Daktari akakitazama kiatu chake.

Hidajet alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi, karibu neno kwa neno. Ila safari hii hayakuwa na kicheko. Huyu mwanamke alikuwa anauliza kweli, alitaka kujua. Na Hidajet aligundua kwamba miaka yote hii yeye mwenyewe hakuwahi kutaka kujua.

— Nimeuliza vibaya? — alisema Aldijana.

— Hapana, — Redio alijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo. — Mimi siku ile nilicheka sana. Nilicheka kuliko wote.

Hidajet alisimama. Akashika birika ajaze kikombe, maana huendi kwa ndugu yako mikono mitupu, angalau unavuka na kahawa. Akainamisha birika. Likatoa tone moja zito na machicha.

— Imeisha, — alisema.

— Kaa, nachemsha nyingine, — alisema Daktari. — Dakika tu.

— Ukichemsha nitakuwa nimeshaogopa.

Akaliweka birika chini. Akakishika kile kichwa cha biti, akaelekea barabarani. Mguu ulipofika ukingoni ukakumbuka desturi yake ya kusimama, akaulazimisha. Ni mtaa mwembamba, gari mbili hazipishani. Yeye aliuona mpana sana. Mlango wa kijani ulikuwa wazi.

Mufid alikuwa mezani. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe kuliko zake Hidajet, ingawa ndiye mdogo. Hakunyanyua uso. Alikuwa anafuta kisu.

— Umekuja kuona kama vinakata mkate? — alisema.

Hidajet alikuwa ametayarisha salamu, ikampotea.

— Nimekuja kukuomba vitu viwili, — alisema. — Msamaha, na visu. Ukitaka kunipa kimoja tu, nipe cha kwanza.

Mufid aliacha kufuta. Alikitazama kisu kile kidogo kwenye kitambaa kana kwamba ndicho kilichosema.

— Nilisikia ruta yako Jumanne, — alisema. — Nikasema, kumbe Amra kajifungua. Nikaisikiliza inavyopanda. Halafu ikapiga kelele, ikanyamaza. Nikasema, kimevunjika kisu, skrubu nayo imekwenda. Huyu sasa atavuka. Nikatoa kisanduku, nikavisafisha. Jumanne hukuja. Jana nikavisafisha tena. Leo tena! Kaka, visu vitaisha kwa kusafishwa, hata havijagusa ubao.

— Nilikuwa nangoja posta.

— Posta imekuletea nini?

— Upuuzi.

Mufid alicheka puani, kicheko cha baba yao kabisa. Hidajet akavuta kigoda, akakaa.

— Na miaka yote hii? — aliuliza. — Ulikuwa unavifanyia nini?

— Skrubu zinashika kutu. Mtu lazima azipake mafuta. — Mufid aliinua mabega. — Ningekuletea, lakini wale wazee wako wangecheka.

— Niligawa vibaya, Mufid.

— Uligawa sawasawa. Ulisema vibaya.

Hidajet aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli, na kuisikia ikisemwa kwa sauti ya kawaida, juu ya meza yenye mafuta, ilimpunguzia mzigo kuliko alivyotegemea. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Kisha akakiweka kile kichwa cha biti juu ya kitambaa, upande wake wa meza. Upande wa pili vilikuwepo visu na kisosi cha skrubu.

— Haya, — alisema. — Safari hii gawa wewe. Nitachagua mimi.

Mufid alijifuta mikono kwa aproni, bila haraka. Ng'ambo, Redio alikuwa amepanda juu ya benchi apate kuona, na Forodha amemshika suruali asianguke. Mufid aliwatazama mara moja kupitia mlangoni, akawapuuza. Akachukua visu, jozi kwa jozi, akavisogeza katikati. Akamimina skrubu juu yake. Akavuta kichwa cha biti kutoka upande wa kaka yake, akakilaza juu ya vyote, akakusanya pembe za kitambaa mpaka meza nzima ikabaki na rundo moja.

— Haya, kaka, — alisema. — Chagua.